Uyoga Usio na Kichuguu

Jumatano, baada ya chakula

Mikono bado inanuka, na nimeinawa kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa jivu.

Mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Kakamega, ameokota uyoga kwa shamba letu la viazi. "Huu ni ule wa kwetu kabisa!" Nikaupindua. Chini ni ute mweusi, funza wanatambaa, na harufu ya panya aliyeoza. Na uyoga mwingine Mama alikuwa ameshaukatia ndani ya sufuria yangu ya ugali.

"Mama, kwenu si unaota kwa kichuguu?"

"Eeh. Usipotoka kwa mchwa hatugusi."

"Na hapa Elburgon, na hii baridi, umeona kichuguu wapi?"

Akaenda kuumwaga mwenyewe kwa choo. Nilimhurumia.

Lakini mume wangu! Aliwaona wale funza, na bado alikuwa ameketi mezani, amenawa mikono, anangoja. Nikamuuliza kama kweli angekula.

"Kidogo tu. Si ni mama?"

"Na watoto?"

Akachukua simu yake, akaanza kusoma.

Sufuria naweza kuitupa. Mume, je?