Makinga Maji Uliyoyaacha Tambarare

Mama Neema, rafiki yangu,

Mvua imenyesha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza mara ya mwisho, pale hospitalini, ukiwa huwezi hata kuinua kichwa: "Kule tambarare imeshanyesha?" Nikakujibu bado. Ukafumba macho. Kesho yake nikapigiwa simu.

Tulikuzika nyumbani Kibosho, mlimani, kwenye migomba yenu. Baada ya matanga sikushuka shambani tambarare. Ningeshuka na nani? Miaka yote tulipima mteremko wawili, wewe na fimbo yako, mimi na yangu, kamba katikati na kipimamaji kikining'inia, na wewe unanipigia kelele, "Shuka kidogo! Wewe mwanamke, shuka!" Watu walituona wendawazimu, kuchimba makinga maji, mitaro na matuta ya kuzuia maji, kwenye ardhi kavu vile. Lakini mvua kidogo tuliyokuwa tunapata ilipita tu, ikabeba udongo wetu kwenda korongoni.

Siku nilipojikaza nikashuka, nikamkuta mumeo na jembe. Alitaka kusawazisha matuta yote apate mistari zaidi ya mahindi. Nikamwambia, "Haya shemeji, bomoa. Ila anza na hili hapa, alilolichimba akiwa tayari anaumwa." Alilitazama lile tuta muda mrefu. Akaondoka bila kuniaga.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta ameshafika, ameshika fimbo yako. Tukapima. Anakosea sana, hana jicho lako, lakini hachoki.

Wiki iliyopita ikapiga mvua kubwa. Ilipokatika tukashuka mbio kuangalia. Korongo lilikuwa linanguruma, limebeba udongo mwekundu wa mashamba ya watu, lakini kwetu maji yalikuwa yamesimama nyuma ya matuta, yanazama taratibu. Baba Neema akachuchumaa, akatia mkono ndani. "Alikuwa ananiambia," akasema, "mimi nacheka." Mabega yakaanza kumtetemeka. Nilitaka kumbembeleza, nikashindwa. Nikalia na mimi.

Upande wa korongoni haujakwisha. Tutaumaliza, nakuahidi, na kingo zote tutapanda majani ya tembo, Neema apate ya kumkatia ng'ombe wako.

Pumzika, ndugu yangu. Huku jua ni lile lile. Nikisikia jembe nyuma yangu, bado nageuka nikijua ni wewe.