Kiti cha Mgongo Wangu

Baba Oliva,

Maharage yameiva, yanangoja kuungwa tu. Oliva asitoke bila sweta, ukungu bado mzito. Jumuiya wanasali kwetu jioni, kwa hiyo viazi vichemshwe mapema.

Sasa la kiti. Muuzaji wa Makambako alinipa nikijaribu hadi leo, na ulijua ni kwa ajili ya mgongo wangu, maana kutwa nachapa barua na ripoti za watu kwenye kompyuta. Tangu kije nalala bila kukandwa maji ya moto. Asubuhi hii nimeamka nifanye kazi, kiti sikioni. Kumbe umekipeleka sebuleni, umekivika kitambaa cha kufuma, eti ni cha Katekista atakayetuongoza sala jioni. Nilipotaka kukikalia ukasema nitakichafua kabla wageni hawajaja! Nikarudi kwenye stuli yangu, nikachapa huku nimejishika kiuno.

Nimechoka, Baba Oliva. Nyumba hii kila kizuri kinangoja mgeni. Vikombe, mashuka, blanketi jipya, sasa na kiti.

~~Muuzaji aje akichukue tu, ni ghali mno.~~

Hapana. Ni ghali kweli, lakini nakinunua. Ndiyo nimekwenda Makambako kumalizana naye. Kiti nimekifungia stoo, ufunguo ninao mimi.

Usihangaike kutafuta kingine. Stuli yangu nimeiweka sebuleni, na kile kitambaa nimeivika vizuri. Mkaribishe Katekista akae.

Mama Oliva