Mama Aliyeagiza Chui

Mikumi, Jumamosi

Na mimi niliyejivunia dirisha lile la programu kuliko shahada yangu! Kwenye kishikwambi cha kambi, mgeni hufunguliwa orodha ya wanyama, akagusa majina ya anaotaka kuwaona, kisha akabonyeza "Sawa". Nililibuni ili waongozaji wajue mapema matakwa ya wageni. Ndilo lilikuwa jaribio langu la ajira, na meneja alikuwa aamue leo.

Asubuhi Kaka Rajabu, mwongozaji, alinijia amekunja uso.

"Mdogo wangu, umefungua mgahawa? Kuna mama wa Dar ameagiza chui, sasa ananiuliza atafika saa ngapi."

Nilishikwa na hofu. Kurudi Kilosa bila kazi, halafu baba aanze kuuliza...

Wageni walipokuwa hifadhini nilibadilisha kichwa cha dirisha. Badala ya "Chagua wanyama" niliandika "Umeona wanyama gani?", nikalipanga lifunguke baada ya safari.

Jioni, meneja akiwa amesimama nyuma yangu, nilimwamkia yule mama na kumkabidhi kishikwambi. Akagusa swala, twiga na tembo. Kisha, bila wasiwasi wowote, akagusa chui.

"Mama, chui hatukumwona," Kaka Rajabu akasema kwa adabu.

"Nyie ndio hamkumwona," akajibu, akabonyeza "Sawa".

Meneja alicheka hadi akafuta machozi. "Kijana, Jumatatu lete vyeti vyako."

Nadhani nimeajiriwa. Sina hakika kama ni kwa ajili ya kazi yangu au ya mama yule, na sikuona busara kuuliza.