Kwa Nini Sikumwita Baba Mkwe kwa Jina

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Almalisay, tarehe 13 Novemba 2024, saa 4:10 asubuhi
Jina: Raushan Tolegen, mwanamke
Umri: miaka 46
Kazi: fundi cherehani, mapazia na mito
Makazi: nyumba ya tatu kutoka kisimani, Almalisay

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Mume wangu yuko zamu kwenye visima vya mafuta, huko magharibi. Nyumbani nakaa na baba yake, mzee wa miaka themanini na moja, ambaye tangu mwaka jana anasahau. Sasa hivi amekaa kwenye benchi hapo koridoni, na naomba mlango ubaki wazi nimwone.

Mnamo tarehe 12 Novemba, siku inayofuata Jumatatu, saa 4 asubuhi, tulifika kwenye geti la msitu wa matufaha pamoja na kikundi cha matembezi cha wastaafu. Daktari ndiye aliyesema mzee atembee. Ilikuwa safari ya mwisho kabla theluji haijafunga njia. Miti ilikuwa mitupu na majani yamejaa njiani hadi kwenye vifundo vya miguu. Kiongozi wetu ni Bi Zinaida, nesi mstaafu, na huyo hana mchezo: anayechelewa anaachwa.

Tulikwenda vizuri. Mzee Ordabek, aliyekuwa fundi viatu, alikuwa akimtania baba mkwe njia nzima.

"Seke, punguza mwendo bwana! Magoti yangu yameisha grisi."

"Magoti yako? Hata ulipokuwa kijana yalikuwa ya kuazima," akajibu baba mkwe. Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu siku ile alikuwa yeye mwenyewe kabisa.

Saa 7 mchana tulikula mkate na nyama ya farasi. Nilimmiminia chai ya maziwa, nikashuka kijitoni kusuuza mabakuli. Niliporudi hakuwepo. Kila mtu alidhani yuko na mwenzake.

Nikapiga kelele, "Ata!" Ndivyo tunavyomwita babu, ndivyo ninavyomwita baba mkwe. Ole wangu! Wazee sita wakaitika kwa pamoja, "Naam, mwanangu!" Ukiita Ata kwenye kikundi cha wastaafu umeita msitu mzima.

Bi Zinaida alishuka getini kupiga simu polisi, kwa kuwa juu hakuna mtandao. Wengine walipanda na njia wakiita "Seke! Seke!" Hilo ndilo walilolijua. Kwetu mtu mzima haitwi jina lake zima. Hukatwa, likapewa heshima. Mimi nilifuata kijito peke yangu. Saa 9 na nusu niliiona kofia yake imenasa kwenye tawi, na theluji ikaanza kudondoka.

Afisa ameniuliza kwa nini sikumwita kwa jina lake kamili tangu mwanzo. Afisa ni kijana wa mjini, namsamehe. Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Miaka ishirini na tatu sijalitamka, hata usingizini. Jina lake limebeba siku aliyozaliwa, basi hata siku yenyewe siitaji. Wateja wangu wanajua: ukitaka pazia siku ile, utaniambia "siku inayofuata Jumatatu", la sivyo utalipata Jumatano.

Si kwamba nilimwogopa. Nilimpenda. Nilipojifungua mtoto ambaye hakulia, watu walikuja na maneno yao, na huyu mzee aliweka kigoda mlangoni kwangu akakaa kutwa nzima. "Binti yangu amelala," akawa anawaambia. Sikuwa nimelala, na alijua. Mtu kama huyo unamtunzia jina lake.

Lakini baridi ilikuwa inazidi na kofia yake ninayo mimi mkononi. Niliita Ata mpaka sauti ikakauka. Nikajisemea, Raushan, heshima ya maiti ina faida gani? Nikatazama pande zote kama mwizi, nikaliita jina lake zima. Sikuliita kama mkwe. Niliita kama anavyoitwa mtoto aliyechelewa kurudi: "Njoo nyumbani, chai inapoa!"

Kwenye kichaka cha ng'ambo ya kijito sauti ikajibu, "Naam, mama! Nakuja! Usinichape!"

Akatoka. Mifuko imejaa matufaha mwitu, midomo imekuwa ya buluu. Nilivuka maji na viatu vyangu, nikamvika kofia, nikamfunga shali yangu. Nililia, sifichi.

Akaniambia polepole, kama siri, "Kuna mzee amepotea huku. Wanamwita sana, maskini. Seke, Seke. Umemwona?"

Nikamwambia, "Ameonekana, Ata. Yuko salama."

"Afadhali," akasema. "Watu wake watakuwa na wasiwasi."

Akanipa tufaha. Tulifika getini saa 11 kasorobo, tukawakuta askari na Bi Zinaida. Bi Zinaida asilaumiwe na mtu. Alinigombeza sana, kisha akamvua mzee soksi zilizolowa akamvalisha za kwake.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya. Nimesomewa, ni kweli. Jina la mzee aliandike afisa mwenyewe kutoka kwenye kitambulisho. Mimi nililitaja mara moja, kwa dharura, na mbele ya watu siwezi.

Sahihi: R. Tolegen

Maelezo ya afisa: Jina la mzee ni Seysenbek Jumagul. Tukio lilikuwa siku ya Jumanne, kwa lugha yetu "seysenbi". Shahidi alikataa kuitaja. Kabla ya kufunga jalada nilipaswa kumtambua mzee kwa jina. Nilimwita mara tatu, akaendelea kutazama dirishani. Shahidi aliniomba nigeuze uso ukutani, nikageuza. Akaita kwa sauti ndogo kutoka mlangoni. Mzee alijibu, "Naam, mama," akasimama, akamshika mkono. Wameondoka kwa miguu. Jalada limefungwa.

Sajenti Daniyar Ospan