Siku Meza ya Ritha Iliponyamaza

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijavunja ama redio ama uchumba. Mimi ni Ritha, nauza blauzi za mtumba Mchikichini, na mwaka 2000 nilikuta kanda isiyo na jina mfukoni mwa koti la mtumba, nikaiweka kwenye redio, kumbe ni Wazungu wa magitaa, wanaanza kwa kunong'ona kama wanaosengenya halafu ghafla ngoma zinalipuka na mmoja anapiga kelele kama kakanyagwa kidole, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafungua belo, lile furushi la nguo, basi zile kelele zilipoanza nikarusha blauzi juu na wateja wakazigombea huku wanarukaruka, na tangu hapo nyimbo ngapi zimevuma hapa Bongo zikapotea lakini huu bado, mwaka wa tano sasa, nikiuweka tu soko zima linajua Ritha anafungua belo, watu wanakuja hadi kutoka Buguruni, na ninajivunia Mshauri, sifichi.

Shida ni mchumba wangu Ignasi, anaimba kwaya, anasema mama yake hawezi kupokea mkwe wa muziki wa mashetani, nichague, na harusi ni baada ya Pasaka, na kwa kuwa nampenda, wiki iliyopita nilifungua belo kimya, yaani kimya kabisa, na kabla sijamaliza kupanga Shaibu wa viatu akaja kofia mkononi kuniuliza tunazika wapi, halafu kina mama wakaja na kanga mabegani kunipa pole, wengine wameshaanza kulia, na mimi nikajikuta nalia nao kweli, hata sijui nilikuwa namlilia nani. Nifanye nini?

Ritha, Ilala

Marahaba, Ritha. Ulikuwa unajililia mwenyewe, mama. Pole sana.

Lakini ngoja nikuseme kidogo. Umeambiwa "mama hataki", na huyo mama hujamuuliza hata mara moja! Umezima redio kwa maneno ya kusikia. Na Ignasi, mwanamume anayesimama kuimba mbele ya kanisa zima, leo anajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Mwambie nimesema.

Kuhusu wimbo, mimi si mtu wa makelele, masikio yangu yamezoea taarabu. Ila wimbo ambao hakuna anayejua jina lake wala maneno yake, ukawarusha watu miaka yote hiyo, na siku ukinyamaza wanakuja kuzika, huo si wa mashetani wala wa Wazungu tena. Ni wako. Jivunie mchana kweupe.

Sasa fanya hivi. Jumamosi mwite mama mkwe mezani kwako sokoni, umwamkie kwa adabu, umkalishe kwenye stuli mbele kabisa, belo likiwa bado limefungwa. Weka kanda, na usipunguze sauti hata kidogo. Blauzi ya kwanza itakayoruka, irushe kwake. Akiikwepa, rudisha pete kwa heshima, ulie ukishamaliza kuuza. Akiidaka, mpishe kidogo, maana ataitaka na ya pili.