Mama Kaondoka na Kanga Zote

Jumanne. Mvua imeinyeshea Temeke tangu alfajiri, uani kwetu maji yamefika kizingitini. Asubuhi ya kulala hii, lakini niliamka kumsindikiza mama kwenye basi la Kilwa.

Mama ni mzaliwa wa Kilwa Kisiwani. Kila Ramadhani ikikaribia hurudi kwao kupalilia makaburi ya wazee wake, kisha huja tena kwangu. Akisafiri huacha kanga moja nyuma ya mlango wa chumba chake. Husema nyumba ijue kwamba mwenyewe anarudi.

Kutoka stendi nikaenda kufundisha. Mungu naye ana utani wake! Somo la leo, kidato cha pili: kukua na kuanguka kwa dola ya Kilwa. Nikawapa dhahabu ya Sofala, sarafu zilizotengenezwa palepale kisiwani, sahani kutoka China, msikiti wa makuba. Halafu nikawaleta Wareno na mizinga yao. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo siku hizi huko hakuna watu?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Kisha nikamkumbuka mama jana jioni, akikunja nguo huku nikisoma maandalio yangu kwa sauti.

"Imeanguka ikaangukia wapi?" aliniuliza. "Mie si nimezaliwa hapohapo? Mawifi zangu si wapo, wanakaanga samaki?"

Niliporudi nikafungua chumba chake kupangusa maji ya mvua. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari mtupu.

Mama yangu hasahau kanga.

Nikampigia simu, naye hakuzunguka. "Nimezeeka, mwanangu. Nataka kukaa kwetu. Ningekwambia ungelia, na mie nisingepanda basi."

Nimelia hivyohivyo, nimekaa kitandani kwake. Nyumba imepoa mno. Nani atanigombeza nikilala bila kula? Nina hamu na mama, na ajabu, hata na Kilwa yenyewe. Miaka yote nawafundisha watoto wa watu habari zake, na mimi nilipelekwa mara moja tu, nikiwa mgongoni.

Nilitaka kumwambia arudi. Nikamwambia awasalimie mawifi.

Shule zikifungwa namfuata. Anionyeshe wazee wake wamelala wapi, na hao mawifi wanaokaanga samaki. Na siku ya kurudi Temeke nitatundika kanga yangu moja nyuma ya mlango wake wa huko Kilwa.