Mapigo Mawili Katika Ubeti wa Tatu

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji.
9 Machi

Mpendwa binamu,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la shemeji limepoa. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri wangu: presha inatii dawa, macho yanatii miwani, na ngazi za jengo hili bado nazipanda mwenyewe, ingawa nikifika ghorofa ya pili husimama nikijifanya natafuta funguo.

Tangu tulipomzika kaka mkubwa, sasa miaka ishirini na miwili, barua zako zimekuwa fupi: mvua, afya, kwaheri. Sikulaumu. Leo nakuandikia juu ya jambo lililozifupisha.

Mwaka jana mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi kwa wiki tatu. Daktari akanipa mpira wa kuminya. Niliuminya kama mwezi hivi, nikachoka nao. Chini ya jengo letu kuna fundi wa magitaa, mwanamke wa makamo mwenye ulimi usio na breki. Aliniona nimekaa kibarazani na mpira wangu, akasema, "Mzee, huo mpira umekukosea nini? Njoo ushike kitu kinachojibu." Akanipa gitaa kuukuu la besi, lililopasuka ubavuni. Ndivyo nilivyoanza, nikiwa na miaka sabini na mmoja, kujifunza ala uliyoiacha wewe.

Ni mwalimu mgumu. "Unakimbilia wapi, babu? Kuna gari linakuacha?" Hiyo ndiyo salamu yake. Miezi miwili mizima alinipigisha mapigo manne tu, moja, mbili, tatu, nne, mguu ukigonga sakafu, mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama natengeneza kabati. Vidole vilitoka malengelenge, kisha sugu. Mkono ukarudi.

Lakini kilichobadilika zaidi ni masikio. Zamani muziki uliniingia wote kwa pamoja, kama harufu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi, nikafurahi, basi. Nilimsikia mwimbaji, nikalisikia gitaa la kwanza, na huko chini palikuwa na mngurumo ambao kwangu ulikuwa kama sakafu: ipo, lakini nani huitazama? Sasa siwezi kusikia wimbo bila kushuka huko kwanza. Redio ya kinyozi ikilia, vidole vyangu vinajikunja chini ya shuka lake, naye anashtuka, "Mzee, nimekukata?" Najua besi inapoingia na inaposubiri. Raha moja nimeipoteza pia, nisikufiche: siwezi tena kuosha vyombo huku muziki ukilia. Sahani hukaa mkononi mpaka wimbo uishe.

Unajua kazi yangu huku ilikuwa kusoma prufu, kuwinda makosa kabla kitabu hakijachapwa, miaka ishirini na minne. Koma iliyopotea niliiona kabla sijakaa kitini. Nilijiamini mno katika mambo ya makosa.

Sasa nifike kwenye ile kanda ya wimbo wenu. Ilikuwa sebuleni kwa shangazi, mama yako; blanketi limetundikwa dirishani, kinasa sauti kiko juu ya kigoda, na kitufe nimekishika mimi. Kaka anaimba na kupiga gitaa la kwanza, wewe unapiga besi, nyinyi wawili tu. Katika ubeti wa tatu besi inanyamaza ghafla kwa mapigo mawili, kisha inarudi. Wimbo ukiisha, kabla sijabonyeza kitufe, sauti ya kaka inasikika: "Umelala wapi wewe?" Tunacheka wote. Wewe husemi kitu. Siku hiyohiyo nikakubandika jina la Bwana Usingizi, na ukoo mzima ukalipokea. Kila familia ilipokutana kanda iliwekwa, na ikifika pale watoto walipiga makofi. Nilipolazimika kuondoka, nilikuja nayo huku ndani ya soksi.

Mwezi wa kwanza binti wa kaka alinipigia simu. Familia itakutana mwezi wa sita, naye anataka wote wamsikie baba yake. "Baba mdogo, nitumie kanda niihamishie kwenye kompyuta," alisema. "Na lile kosa la Bwana Usingizi nitalikata, halitajulikana kabisa." Nikamwambia sawa. Kisha nikaona, kabla ya kuituma, niisikilize mara moja nikiwa na besi mapajani, nipige pamoja nanyi.

Katika ubeti wa tatu nilipiga pigo la kwanza mahali pake, nikajikuta peke yangu. Kaka alikuwa bado anazunguka na lile pambo lake la vidole alilolipenda. Katika ubeti wa kwanza pambo hilo linachukua mapigo manne. Wa pili, manne. Wa tatu, sita. Niliirudisha kanda mara kumi na moja, mguu sakafuni. Sita.

Hukulala, binamu. Ulisikia kwamba kaka amepitiliza kwa mapigo mawili, ukainua kidole, ukamsubiri, na alipotua ukatua naye kana kwamba ndivyo mlivyopanga. Nilimwita fundi asikilize, bila kumweleza lolote. Akasikiliza mpaka mwisho. "Huyu wa besi ni nani?" akauliza. "Huyu anaweza kumvusha kipofu barabara kubwa. Mwimbaji alimshukuru?"

Nikaizima kanda.

Siku ya mazishi, niliporudi nyumbani kwa siku chache, ulikuja na besi mgongoni, ukitaka kuupiga wimbo ule kwa mara ya mwisho. Mimi nikakuambia mbele ya watu, "Leo tusichekeshe waombolezaji." Ukaiegemeza ukutani, ukaenda kupanga viti. Dada ananiambia hujaishika tena. Neno lile lingekuwa baya hata kama ungekuwa umekosea kweli. Na hukuwa umekosea. Nakuomba radhi kwa yote mawili, na kwa lile jina pia.

Kama kaka alijua, sijui. Pengine aliona haya baadaye, pengine hakugundua kabisa. Wewe ulijua, na umenyamaza miaka thelathini na minane. Nilitaka kumwambia binti yake, kisha nikaona siri hiyo si yangu kuigawa. Kanda nimeshamtumia, kwa sharti moja: asikate kitu. Aliponiuliza kwa nini, nikamwambia akamuulize aliyepiga besi. Kwa hiyo atakuja kwako. Ukimweleza, ni sawa. Ukimwambia ulisinzia, nami nitasema ulisinzia, ingawa itaniuma.

Nisalimie shemeji na watoto wote, hata wale wanaojiona wazee. Dada umwambie dawa ya macho nimeipata, na mjane wa kaka umwambie namkumbuka kila siku. Shangazi, mahali alipolala, umpelekee salamu zangu ukipita.

Daktari amenikataza safari ndefu, kwa hiyo mwezi wa sita sitakuwepo. Kama siku hiyo utaishika besi, na sikulazimishi, mwombe mtu anipigie simu niwasikilize. Asiiweke karibu na mwimbaji. Aiweke miguuni pako.

Mungu akuongezee siku, na akuachie vidole vyepesi.

Mimi nduguyo nikupendaye,
niliyekuzidi miaka miwili tu na maneno mengi.